Mwambie Muuguzi Ulichomnywesha Mtoto

 

Homa ikimshika mtoto usiku, wengi wetu huchemsha mubirizi, majani yale machungu tuliyoyajua tangu nyumbani. Mama yangu naye aliyachemsha. Mdogo wangu akanywa siku mbili. Siku ya tatu akashikwa na degedege, tukakimbia naye zahanati.

Muuguzi akauliza, "Mmempa dawa gani?" Mama akajibu, "Hakuna." Aliogopa kugombezwa. Mimi nilisimama pale, nikanyamaza pia. Tunashukuru, mdogo wangu alipona.

Msikilizaji, muuguzi haulizi ili akuaibishe. Baadhi ya miti shamba huumiza ini au figo, na mingine haipatani na vidonge. Akijua, atajua cha kuangalia. Ukishindwa kutaja jina la mti, beba jani umwonyeshe.

Mtoto akiwa na homa, usisubiri majani yafanye kazi. Mpeleke apimwe siku hiyohiyo. Kipimo ni tone la damu ya kidole. Ikiwa ni malaria ya kawaida, mara nyingi atapewa dawa mseto, mara 6 kwa siku 3. Azimalize zote, hata akiamka anacheza. Akiwa kwenye degedege, asinyweshwe kitu chochote.

Kumwombea na kumwimbia hakuna anayekataza. Ila ukweli tusiuache nyumbani.