Wafanyakazi wa serikali wajichagulie bima?

Wadau, hii hoja hairukwi kwa mdahalo wowote: watumishi wa umma wajichagulie bima ya afya, kama Marekani. Poa, lakini stori imalizwe. Kule, kati ya Novemba na Desemba, mfanyakazi wa serikali kuu anaweza kuhama mpango. Serikali hulipa hadi 72% ya wastani wa bei za mipango, bila kupita 75% ya ule aliochagua. Na hakataliwi ati ana kisukari.

Hapa 2.75% ya mshahara inakatwa ya SHA, hujaulizwa. Inauma, najua. Lakini chaguo bila ulinzi kama huo? Kampuni zitang'ang'ania vijana wazima, mzee wa presha alipishwe zaidi. Mgombea akikuahidi chaguo, muulize nani atalipa na nani anaweza kukataliwa.