Ufundi Bila Cheti na Mshahara Bila Hesabu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, mashamba ya chai, Kericho)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo halimo katika orodha ya madai tunayopeleka kwa matajiri, na huenda wengine wakauliza kama ni kazi ya chama. Ni habari ya ufundi, na habari ya pesa zinazopita mikononi mwetu kila mwisho wa mwezi. Twaomba mtusikilize mpaka mwisho, kisha mtupinge mkitaka.

Na tuanze na mashine. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho, na habari ikafika mbali. Hasira ile twaijua ilikotoka. Mtu aliyechuma majani mawili na chipukizi tangu ujana wake, akilipwa kwa kilo, anaona chombo kikipita juu ya mistari na kumaliza kwa asubuhi moja kazi ya kundi zima. Chama hakijaacha kupigania kazi za wachumaji, wala hakitaacha. Lakini lazima tuambiane kweli: mashine zingali zipo. Na kila mashine ina injini, ina visu vya kunolewa, ina mikanda inayokatika, na yuko mtu anayeitengeneza. Kwa nini mtu huyo asiwe mmoja wetu?

Mtatujibu kwamba wako. Ndiyo, wako, na hapa ndipo penye uchungu. Katika tawi letu tunao watu wanaofungua injini na kuifunga tena gizani. Wengine wanachomelea vyuma, wengine wanatengeneza mabomba ya kiwandani, wengine wanashona. Wamejifunza kwa kumtazama fundi aliyetangulia. Ukiwauliza cheti hawana. Katika vitabu vya tajiri wameandikwa vibarua, na wanalipwa mshahara wa kibarua. Siku wakiachishwa wanarudi kwao, Kisii au Bomet au Kakamega, wakiwa na mikono yenye ujuzi ambao hakuna karatasi inayoushuhudia.

Sasa sikilizeni. Iko Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo wengi huiita NITA. Mamlaka hiyo hutahini mafundi kwa daraja tatu: ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Kinachotazamwa hasa ni kazi ya mikono: unapewa chuma, unapewa vifaa, unafanya, mtahini anaangalia. Wamo kati yetu wanaoogopa neno mtihani kwa sababu waliacha shule mapema. Hao ndio tunaowasemesha leo. Mtu anayeweza kuwasha mashine iliyokufa mbele ya nyapara aweza kuiwasha mbele ya mtahini.

Na pesa zitoke wapi? Sheria inamtaka tajiri alipe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyi kazi, ziingie katika mfuko wa mafunzo ya viwandani. Huo ni mzigo wa tajiri, si makato ya mshahara wako. Tajiri anayewapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyokubaliwa aweza kudai arudishiwe gharama kutoka mfuko huo. Shamba lenye watu 1,000 hulipa shilingi 600,000 kwa mwaka. Tumeuliza katika mashamba yetu ni nani aliyepelekwa kujifunza kwa pesa hizo, tukatajiwa makarani na wasimamizi. Mchumaji hatukutajiwa hata mmoja. Kamati imeamua kwamba swali hili litaulizwa katika mkutano ujao na matajiri, na tutapeleka majina yetu mkononi, siyo maneno matupu.

Jambo jingine dogo ambalo hugharimu sana. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 51, inampa kila mfanyi kazi aliyekaa wiki nne au zaidi haki ya kupewa cheti cha utumishi anapoondoka. Tajiri halazimiki kuandika kwamba wewe ni mtu mwema. Lakini lazima aandike ulianza lini, ukaacha lini, na ulifanya kazi gani. Basi usikubali kuandikiwa kibarua kama ulikuwa ukitengeneza mashine. Soma kabla hujatia sahihi. Kama huwezi kusoma, mlete mwakilishi wa chama. Hiyo ni kazi yake, si hisani.

Sasa tuje kwenye pesa, na hapa hatuna budi kukiri makosa yetu wenyewe. Wazee mnakumbuka mchezo wa mzunguko tulioufanya katika kambi. Daftari lilikaa kwa mtu mmoja, sanduku kwa mtu yule yule, na sisi wa kamati tukasema ni ndugu yetu, tutamhesabuje? Zamu za mwisho hazikulipwa. Mama mmoja alikuwa akingojea zamu yake amlipie mtoto karo, na mtoto akakaa nyumbani muhula mzima. Hatukuibiwa na tajiri siku ile. Tuliogopa kuuliza.

Kwa hivyo darasa letu litaanza na karatasi ya mshahara. Chukueni mtu anayepata shilingi 16,000. Mfuko wa NSSF huchukua 6 kwa mia, yaani 960. Bima ya afya ya jamii ni 2.75 kwa mia, yaani 440. Nyumba ni 1.5 kwa mia, yaani 240. Jumla 1,640. Baada ya hapo huja ada ya chama, hisa za Sacco, mkopo, na duka la fulani. Sheria ile ile ya 2007 inasema makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Mtu huyu asipeleke nyumbani chini ya shilingi 5,333, hata kama ametia sahihi karatasi kumi za mikopo. Na tajiri anayekata pesa zako asizipeleke zinakotakiwa ametenda kosa la jinai. Lakini utajuaje kama hujawahi kuisoma karatasi yako? Wengi wetu tunaangalia tarakimu ya chini tu, tunaikunja na kuitia mfukoni.

Halafu mikopo ya simu. Hatuitukani, mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku, simu ndiyo iliyo karibu. Ila tupige hesabu. Unakopa 1,000 kwa ada ya 7.5 kwa mia kwa siku 30. Unarudisha 1,075, na kwa kuwa mfuko ni mtupu unakopa tena siku ile ile. Ukifanya hivyo mara 12 umelipa ada ya shilingi 900 kwa kutumia shilingi 1,000 mwaka mzima, na zile 1,000 bado ni deni. Sacco inayotoza 1 kwa mia kwa mwezi juu ya deni lililobaki, ukilipa kidogo kidogo kwa miezi 12, itachukua riba ya shilingi 65. Tulipoandika hesabu hii ubaoni katika mkutano wa kamati, mwenzetu mmoja alinyamaza kwa muda, kisha akatoka nje. Baadaye alituambia ana mikopo ya namna hiyo minne.

Ulizeni pia riba yahesabiwa juu ya nini. Mkopo wa shilingi 12,000, 12 kwa mia kwa mwaka juu ya deni lote la mwanzo, ni riba ya 1,440. Ikihesabiwa kila mwezi juu ya kilichobaki ni 780. Tarakimu ya 12 ni ile ile, na karani hatakueleza tofauti usipomwuliza.

Wako wanaosema mambo haya yanawafaa vijana, na kwamba vijana wana vyuo vyao. Ni kweli, vyuo vya ufundi vijijini vilianza Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo viko chini ya serikali za kaunti. Kijana wako na aende. Lakini mwenye miaka 45 aliye shambani tangu alfajiri hawezi kwenda kukaa darasani mchana, na yeye ndiye atakayeachishwa kwanza.

Darasa litakuwa katika ukumbi wa kambi, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Fundi wa kiwanda amekubali kuleta injini mbovu. Daftari za pesa za darasa zitakuwa mbili, kwa watu wawili, na zitasomwa kwa sauti kila mwisho wa mwezi. Kina mama wataingia kwanza katika orodha, kwa maana wao ndio wengi katika uchumaji. Leteni karatasi zenu za mshahara za miezi mitatu, na penseli. Majina yanaandikwa pale mlangoni, kuanzia sasa.