Kijani cha Ziwani Huanzia Shambani

Ndugu wananchi wa Mnyuzi, wengine wenu mmeuliza kwa nini mhadhara kuhusu mwani wa ziwani uletwe hapa kwenye mkonge na reli, mbali na ziwa lolote kubwa. Umeletwa hapa kwa sababu ziwa huugua kwa yanayotendwa nchi kavu. Utando wa kijani unaotanda kwenye Ghuba ya Mwanza na Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria, ni wa vijidudu viitwavyo sianobakteria. Baadhi yao, hasa Microcystis, hutoa sumu ya kuharibu ini, na kuichemsha hakuiondoi. Hustawi penye joto, maji yaliyotulia na fosforasi, na hiyo fosforasi ndiyo nitakayoifuatilia hadi inakotoka.

Tope la chini ya Ziwa Victoria limetunza kumbukumbu ya miaka mingi, tabaka juu ya tabaka. Dirk Verschuren na wenzake waliisoma, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na watu na mashamba kuongezeka katika bonde la ziwa. Wapo wanaomlaumu sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 akawamaliza furu wengi, ambao baadhi yao walikula mwani. Lawama hiyo ina uzito wake, ila tarehe zinamkataa sangara kuwa chanzo: alitawala ziwa miaka ya 1980, nusu karne baada ya mwani kuanza kupanda. Wala tusidhani kwamba mito peke yake ndiyo mchukuzi wa fosforasi kutoka nchi kavu. Rashid Tamatamah na wenzake walikadiria mwaka 2005 kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi iingiayo ziwani humo hushuka kutoka hewani, na vumbi la ardhi iliyo wazi na moshi wa mapori yanayochomwa vimo katika mzigo huo.

Atasimama mtu aseme: dunia inapata joto, mkulima ana kosa gani? Na tulitazame Ziwa Tanganyika. Nalo limepata joto, lakini Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa mwani humo umepungua. Rutuba yake imelala vilindini, na maji ya juu yakipata joto huelea bila kuchanganyika na ya chini, hivyo mwani hukosa chakula. Victoria halifikii kina cha mita 100, na nchi kavu hulilisha kila msimu. Mvua kubwa hukomba udongo, kisha jua na utulivu humalizia kazi. Joto ni lile lile, matokeo yamepishana, kwa kuwa hali ya hewa hukuza kile ilichokikuta majini.

Hapa Korogwe nako maji hupokea yatokayo nchi kavu: mto Lwengera huteremka kutoka Usambara kuingia Pangani, na Pangani huingia Bwawa la Hale. Katika jani la mkonge, mashine ya korona hutoa nyuzi zisizozidi sehemu 5 kwa 100. Mabaki yakitupwa mtoni huoza na kula oksijeni ya maji. Najua mkulima hulima ukingoni kwa sababu ndiko kwenye unyevu wakati wa kiangazi, na njaa haingoji. Hata hivyo, ukingo ukilimwa, udongo wenye rutuba humponyoka yeye kwanza kabla haujafika bwawani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nawaomba tuzirudishie nyasi na miti kabla ya masika yajayo.