Hotuba Barazani Kasoli: Karatasi Isomwe Kwanza

Banamhala, mama zetu na ndugu vijana,

Nimeombwa niseme habari ya madini, nami si bwana madini, ni mwalimu tu. Lakini kusoma karatasi najua.

Jirani zetu wa Dutwa walipimiwa ardhi miaka ya 2000, ikaonekana nikeli. Basi siku yoyote mgeni aweza kufika Kasoli na karatasi, akitaka dole gumba la mzee. Je, mzee auza nini? Madini hawezi kuyauza: kwa Sheria ya Madini ya 2010 ni mali ya Jamhuri, na tangu 2017 Serikali hupata hisa zisizopungua 16 kwa mia katika kampuni za machimbo makubwa, bila kulipa hata senti. Kilicho chake ni cha juu: shamba la pamba, mtama, nyumba. Hivyo vina fidia, nayo itangulie jembe la mchimbaji.

Tena kuna maji. Shimo refu la machimbo huvuta maji ya visima vya jirani. Na kule Mwadui, tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la machimbo ulipasuka, tope likafunika mashamba ya watu. Sheria ya Mazingira ya 2004 yataka athari zipimwe kabla, na wenyeji waulizwe. Siku hiyo tusimtume mwenyekiti peke yake akanywe soda! Twende sote, mama zetu mbele, maana ndio watekao maji.

Vijana mjuao kusoma, jiandikisheni leo kwa katibu wa tawi. Mzee akiletewa karatasi, asomewe yote kabla wino haujagusa dole.