Majira ya Baridi Ugenini

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za majira ya baridi huko Uingereza, na jinsi sisi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuishivyo katika majira hayo: twala nini, twapika vipi, na twatembea wapi. Sitasema habari za wakubwa. Nitasema habari za jiko moja dogo katika mji wa Leicester, na za mama yangu mzazi, aliyetoka Tanga mwezi wa Novemba mwaka 2022 kuja kumtazama mjukuu wake, akakaribia kushindwa na baridi ile.

Kwanza yafaa tujue baridi hiyo yatoka wapi. Watu wengi hudhani ya kuwa wakati huo dunia iko mbali na jua. Sivyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Sababu ya baridi ni kwamba dunia imeinama, kama pia izungukayo hali imelala upande kidogo. Mwezi wa Desemba upande wa kaskazini huwa umeinamia mbali na jua, basi miale hufika huko kwa mshazari, haina nguvu, na mchana huwa mfupi. Sisi tukaao karibu na ikweta hatuoni tofauti kubwa. Lakini mjini Leicester, katikati ya Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri.

Fikirini jambo hilo. Saa zetu za Kiswahili huhesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa, na kwetu saa ya mkononi na jua husema neno moja. Huko vilikosana. Mama aliamka saa kumi na mbili kama desturi yake, akafungua pazia, akaona giza. Saa moja, giza. Saa mbili, giza linaanza kupauka. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ni saa moja ya wapi, isiyo na jua?" Akaswali Adhuhuri, na kabla hajapumzika Alasiri ikaingia, na mara Magharibi nayo. Akasema siku za nchi ile zimekatwa vipande.

Tena majira yale yalikuwa na shida ya peke yake. Vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilikuwa vimepandisha sana bei ya gesi, na gesi ndiyo ipashayo moto nyumba nyingi za Uingereza. Maji huchemshwa katika chombo, yakapita mabombani mpaka kwenye vyuma vilivyopachikwa ukutani chumba kwa chumba, navyo hutoa joto. Kwa ajili ya bei, sisi twaliwasha kidogo asubuhi na kidogo jioni, basi. Mchana mama alikaa kitini amevaa koti, na juu ya koti blanketi mbili.

Twalimfanyia adabu zote. Mke wangu hakumwacha anyanyue hata kikombe. Kila aliposimama twalimwambia, "Pumzika, mama." Twalimletea supu, twalimletea mkate, twalimletea viazi. Alionja vijiko viwili akaisukuma sahani. Wiki ya tatu gauni lilikuwa linampwaya. Twalimpeleka kwa daktari, naye akampima asione ugonjwa. Alituagiza tumpe vidonge vya vitamini D, maana tangu Oktoba hata mwanzo wa Machi jua la Uingereza halina nguvu ya kuuwezesha mwili kujitengenezea vitamini hiyo, na sisi wenye ngozi nyeusi huihitaji zaidi. Twalinunua vidonge, mama akavimeza, wala hakula.

Usiku mmoja nalimsikia akisema na dada yangu kwa simu. Alikuwa akimwagiza habari za minazi yake michache, huu apewe nani na ule apewe nani. Ndipo nalipoogopa.

Asubuhi yake nalikata shauri kumpikia ugali. Katika duka kubwa lililo karibu nasi naliona boksi limeandikwa kwa Kiingereza maneno ambayo, ukiyafasiri moja moja, ni unga na mahindi. Nikafurahi. Sikujua ya kuwa jina hilo kwa Waingereza ni la wanga mtupu uliochujwa katika mahindi, wautumiao kuufanya mchuzi uwe mzito. Nikainjika maji, yalipochemka nikamimina unga, nikashika mwiko. Mara vyote vikageuka kitu cha kung'aa, chenye kunata kama ulimbo. Nikazidisha unga, mambo yakaharibika zaidi.

Mama akainuka kitini, akaja akachungulia sufuriani. Akasema, "Mwanangu, hii si ya kula. Hii ni ya kutia kanzu ukapige pasi." Kisha akacheka. Tangu afike sikupata kumwona akicheka vile. Akasema, "Kesho nipeleke mwenyewe wanakouza unga wa watu."

Kesho yake twalimvika nguo tabaka tabaka, tukapanda basi mpaka Belgrave Road. Barabara hiyo ina maduka mengi ya Wahindi: ya sari, ya dhahabu, ya viungo. Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia wa Uganda waondoke katika muda wa siku 90. Baraza la mji wa Leicester wakati ule lilitia tangazo katika gazeti la Uganda, likiwasihi wasije mjini humo. Lakini maelfu walikuja, wakafungua maduka, na leo mji wenyewe hujisifu kwa ajili yao.

Tuliingia katika duka moja. Huko mama aliona mambo ya ajabu: unga mweupe wa mahindi, ndizi za kupika, bamia, maziwa ya nazi katika makopo, na muhogo uliokwisha menywa na kugandishwa kwa barafu, umetiwa mifukoni. Na katika mikahawa ya Wahindi mjini humo muhogo wa kukaanga huitwa mogo. Neno hilo ni letu, limefika huko pamoja na watu waliotoka kwetu.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi mwenye mvi. Alipoona kanga ya mama ikichungulia chini ya koti alisema, "Karibu, mama. Habari za nyumbani?" Mama akasimama kimya kitambo, kisha akajibu, "Nyumbani salama, baba. Na wewe wa wapi?" Akasema yeye ni mtu wa Jinja, aliondoka ana miaka 19. Kitu cha kwanza alichopewa Uingereza kilikuwa koti, alilovikwa na bibi mmoja wa Kiingereza miongoni mwa waliojitolea kuwapokea wageni. Mama akamwuliza, "Na baridi hii uliizoeaje?" Mzee akajibu, "Sijaizoea hata leo, mama. Nalipata kazi, basi sikupata nafasi ya kuisikia."

Maneno hayo yalinikaa moyoni njia nzima. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaijua sote, na mara nyingi twaitumia kumcheka mgeni mvivu. Siku ile naliona ina maana nyingine. Jembe si adhabu ya mgeni. Jembe ndilo limfanyalo awe mtu wa nyumbani. Sisi tulikuwa tumemweka mama mgeni kwa muda wa mwezi mzima, tukamnyang'anya jembe lake kwa jina la heshima. Usiku ule nalisema na mke wangu, naye akanena, "Kweli, tumemtendea kama sahani ya kabatini." Asubuhi alimpa mama mwiko na ufunguo wa ghala, akamwambia, "Mama, jiko ni lako. Mimi nifundishe."

Tangu siku hiyo jiko letu likawa kama shule. Mama alitaka kupika vitumbua. Mchele uliloweka usiku, ukasagwa kwa mashine pamoja na nazi ya kopo, ukatiwa sukari, iliki na hamira. Kwetu Tanga unga kama huo huumuka upesi. Huko ulikaa mchana kutwa, umelala kama maji ya kisimani. Mke wangu alidhani hamira imeharibika. Lakini hamira ni kitu chenye uhai, hula sukari na kutoa hewa iinuayo unga, na katika baridi hulala usingizi. Mama hakusoma mambo hayo katika kitabu. Aligusa bakuli, akasema, "Hata unga umeshikwa na baridi, uvisheni." Akalifunika bakuli, akalizungushia kanga yake, akaliweka kando ya chuma cha joto. Baada ya saa mbili unga ulikuwa umejaa mapovu. Mjukuu wake akapiga makofi.

Kikaango cha vitumbua hatukuwa nacho. Vya kwanza vilipikwa katika kikaango cha mayai, vikatoka vipana kama chapati. Twalikwenda tena kwa yule mzee, naye akatuonyesha chuma chenye vishimo saba, ambacho watu wa kusini ya India hukitumia kwa maandazi yao. Kilifaa kabisa. Samaki nao twaliwapata: huko kuna samaki wa bahari aitwaye makareli, wa jamaa moja na vibua vyetu, mwenye mafuta mengi na vitamini D ndani yake. Mama alimpaka chumvi, pilipili na ndimu, akamchoma, akatupakulia na muhogo wa nazi. Siku ile yeye mwenyewe alimaliza sahani yake, akaongeza.

Alipopata nguvu alitaka kutoka. Jumapili moja yenye jua twalikwenda Bradgate, mbuga iliyo nje ya mji, ambamo kulungu wa Ulaya hutembea makundi makundi. Jalidi ilikuwa imefunika majani. Mama alidhani mtu amemwaga chumvi, akainama akaigusa, ikayeyuka kidoleni. Humo mna magofu ya nyumba ya matofali mekundu alimokaa Jane Grey, msichana aliyefanywa malkia wa Uingereza mwaka 1553 akatawala siku tisa tu, na mwaka uliofuata akakatwa kichwa. Nalimweleza mama habari hizo. Akatikisa kichwa, akasema, "Maskini, fungate na siku mbili!" Tukaketi juu ya ukuta mfupi, tukala vitumbua vilivyofungwa katika kitambaa, na mvuke wa chai ukachanganyika na mvuke wa vinywa vyetu.

Tena kulikuwa na maktaba. Majira yale, kwa sababu ya bei ya gesi, maktaba nyingi, na makanisa na misikiti, zilifungua vyumba vyenye moto ili mtu yeyote aingie akae bure. Mama alikwenda kila Alhamisi na bakuli lake. Wazee wa Kiingereza walileta keki zao. Yeye hakujua Kiingereza ila salamu, wala wao hawakujua Kiswahili. Lakini wiki ya tatu naliwakuta mabibi wawili wakijaribu kutamka neno kitumbua, na mama akiwasahihisha bila huruma.

Wasikilizaji, baridi haikupungua kwa ajili yetu. Desemba ile jalidi ilikaa siku nyingi, na Januari haikuwa na huruma. Kilichobadilika ni mama. Habari za minazi hakuzitaja tena, ila siku moja alipomkaripia dada yangu kwa simu kwa nini haijapaliliwa.

Basi kwa wale wenye jamaa ugenini, au vijana mtakaokwenda huko kusoma, nina maneno matatu. La kwanza, vaeni nguo nyepesi nyingi kuliko koti moja zito, maana hewa ikaayo kati ya nguo na nguo ndiyo ishikayo joto la mwili. La pili, tokeni nje wakati wa mwanga, hata kama mwanga ni wa saa chache, na tafuteni watu. Akaaye peke yake chumbani husikia baridi mara mbili. La tatu, mzazi akija kwenu, mheshimuni, lakini msimwondolee kazi ya mikono yake. Mpeni mwiko, mpeni jembe, aseme katika nyumba hii nahitajiwa.

Mama alirudi Tanga mwezi wa Aprili mwaka 2023, mchana ulipokuwa umerefuka. Mizigo yake ilikuwa mingi, lakini chuma chenye vishimo saba alikiacha. Alisema wa kwetu uko nyumbani, na huo ni wa jiko la huku, atautumia akija tena.