Kufufua Nyumba za Mapumziko za Duluti na Momella kwa Mawe, Chokaa na Udongo



Mada yangu inahusu nyumba za mapumziko zilizotelekezwa kando ya maziwa ya chini ya Mlima Meru: Duluti pale Tengeru, na Momella kule kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kuta za mawe ya Meru, kenchi za mbao, bati lililooza. Kwamba zinafufuka tunajua. Filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962 ilipigwa Momella, na mmoja wa waigizaji wake, Mjerumani Hardy Krüger, akanunua shamba akakaa huko hadi miaka ya 1970. Makazi yake ya zamani leo ni hoteli. Linalotugawa mafundi ni vifaa, na kazi ipi itangulie.

Nasema maji yatangulie, na sementi ikae mbali.

Ukiingia nyumba ya namna hii utakuta mtu alishapita kabla yako na mfuko wa sementi. Aliona ukuta una unyevu, akapiga lipu nzito mpaka chini, akaondoka amelipwa. Jiwe letu la volkano lina vitundu. Hunywa maji kutoka ardhini na lilizoea kuyatoa kwa hewa. Likizibwa, maji hupanda juu zaidi, na chumvi inayosafiri nayo huganda nyuma ya lipu na kulimenya jiwe. Mwenye nyumba huona vumbi jeupe sakafuni na kudhani ni uzee. Basi kabla ya kununua chochote, bandua lipu hiyo kwa patasi, polepole, kisha rudisha gata na uchimbe mchirizi upande wa mlimani. Uache ukuta ukauke kiangazi kizima. Najua hakuna mteja anayependa kulipia kusubiri.

Lipu ya kurudishia iwe ya chokaa: sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, chokaa iliyozimwa na kulazwa shimoni majuma kadhaa. Majivu ya volkano yaliyochekechwa vizuri yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mchanga, nayo huifanya chokaa igande hata penye unyevu. Warumi walijenga bandari kwa ujuzi huohuo. Kosa linalofanyika Momella ni kuchanganyia maji ya ziwa kwa kuwa yako karibu. Yale ni maji ya magadi. Ukiyatumia umeipaka nyumba chumvi kwa mkono wako. Tumia maji ya mvua. Na msimu uchaguliwe: masika haifai, Juni na Julai ukungu na baridi ya Arusha huchelewesha chokaa kukomaa. Mimi hupenda Agosti hadi Oktoba, lipu ikilowanishwa na kufunikwa magunia siku za mwanzo jua lisiipasue.

Kuta za ndani zinaweza kupigwa udongo mwekundu, samadi na mabua ya ngano. Udongo wa Meru husinyaa sana ukikauka, kwa hiyo jaribu vipande vidogo ukutani kwanza, kila kimoja na kiasi chake cha mchanga. Anayecheka udongo akumbuke kambi ya Tengeru: tangu 1942 wakimbizi wa Poland karibu 5,000 waliishi pale katika vijumba vya udongo vilivyopakwa chokaa na kuezekwa nyasi. Alama kubwa waliyoacha leo ni makaburi yao. Kijumba cha udongo kisichoezekwa upya hurudi ardhini, ndiyo maana paa haliwezi kungoja bajeti ya mwakani.

Mbao: mtarakwa na loliondo za zamani zikiwa nzima ndani, zikwanguliwe na kurudishwa. Za kuongezea zitoke mgrevilea wa mashambani, wenye kibali, si msitu wa hifadhi. Mafuta ya kitani yanatosha. Oili chafu ya gereji, tunayoipenda kwa sababu ya mchwa, isifike kando ya ziwa. Juu ya kuta za mawe fungeni mkanda wa mbao kuzunguka nyumba nzima, pembe zikibanwa. Matetemeko ya Julai 2007 kutoka upande wa Mlima Gelai yalisikika mpaka Arusha mjini, na mawe yaliyoshikwa kwa tope hayana cha kuyazuia.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na nyumba nyingi za zamani zimo humo. Onana na halmashauri kabla ya kupandisha jukwaa. Msipanue kuelekea majini. Choo ndicho kinachonisumbua zaidi: Duluti ni ziwa la kreta, halina mto wa kulitoa maji, na kinachovuja kutoka kwenye shimo la zamani hakina pa kwenda. Lifukieni shimo hilo, mpya lichimbwe nyuma ya nyumba, mbali na ziwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu, hata kama bomba litakuwa refu kuliko bajeti mliyonayo.