Pikipiki ya Kikundi Inapopiga Kelele: Tusikilize Kabla ya Kufungua

Mazungumzo na wanavikundi vya kujisaidia

Tumefurahi kuwaona wengi hivi, na zaidi kuona kwamba waweka hazina wamekuja pamoja na madereva. Jambo la leo linawahusu wote wawili. Dereva ndiye husikia mlio wa kwanza. Mweka hazina ndiye hulipa.

Vikundi vingi tunavyotembelea vina pikipiki moja tu, na mara nyingi ni ya zamani, iliyonunuliwa kwa michango baada ya kutumiwa na wengine. Hiyo ndiyo hupeleka maziwa asubuhi, ndiyo hubeba mbolea, na usiku ndiyo humkimbiza mgonjwa hospitalini. Siku moja inaanza kulia vibaya. Fundi anaitwa, anasikiliza kidogo, anasema, "Hii ni injini, lazima ifunguliwe." Basi inafunguliwa. Tunajua kikundi kilichonunua pistoni na ringi mpya, na pikipiki ilipowashwa, mlio ulikuwa ule ule. Kumbe gaskiti ya bomba la moshi ndiyo ilikuwa imekwisha. Pesa zilikuwa zimeshakwenda, na wanachama wakaanza kutazamana kwa jicho baya.

Kwa hivyo neno letu leo ni moja: mlio una maana, na maana yake hutafutwa kwa masikio na kwa maswali kabla ya spana. Hayo hayana gharama.

Maswali manne ya kuuliza mlio

La kwanza: je, ni injini kweli? Zimeni injini, wekeni gia nyutro, mkaisukume pikipiki kwa mkono. Mlio ukiendelea, si injini. Tazameni cheni, breki na beringi za magurudumu. Cheni iliyolegea hugonga bati la kuifunika, nayo iliyokauka hulia kama mlango mbovu. Kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni inatakiwa kucheza juu na chini karibu milimita 20 hadi 30. Tena shikeni kila bolti inayofunga injini kwenye fremu, na kile kibati cha kukinga joto la ekzosi. Bolti moja iliyolegea inaweza kulia kama injini nzima inakufa.

La pili: unasikika wakati gani? Asubuhi ikiwa baridi, au baada ya kwenda kilomita nyingi? Ikisimama, au ikipanda mlima na mzigo?

La tatu: ni nini kinachoubadilisha? Pikipiki ikiwa imesimama inanguruma, vuteni klachi. Mlio ukibadilika au ukinyamaza, tafuteni upande wa klachi kwanza.

La nne: unatoka wapi? Chukueni bisibisi ndefu. Wekeni ncha yake juu ya injini na mpini karibu na sikio. Gusisheni juu penye valvu, kisha kwenye silinda, kisha chini kwenye krenki. Pale mlio unapokuwa mkali zaidi ndipo penye shida. Lakini jihadharini: shuka, kanga na mikono ya koti iwe mbali na cheni, na kazi hii ifanyiwe nje. Moshi wa injini ndani ya nyumba iliyofungwa huua mtu bila yeye kujua.

Milio tunayokutana nayo zaidi

*Tik-tik-tik nyepesi, juu ya injini.* Mara nyingi ni tapeti zilizolegea. Hiyo ni kazi ndogo, haihitaji kufungua injini yote. Kwa Honda CG125 ya zamani, nafasi ya tapeti ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, nayo hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Fundi apime kwa kipimo cha vibati vyembamba, kile kinachoitwa fila geji. Asikadirie kwa kidole. Na hapa tusikie vizuri: wako wanaokaza tapeti mpaka mlio uishe kabisa, mwenye pikipiki akafurahi. Tapeti iliyokazwa sana haipigi kelele, lakini valvu haifungi sawasawa, na baada ya muda inaungua. Kimya si afya siku zote.

*Tek-tek kali, hasa asubuhi na ukiongeza mafuta.* Kabla ya kusema ni tapeti, tazameni pale ekzosi inapoungana na injini. Mkiona masizi meusi, moshi unavuja. Gaskiti mpya na kukaza nati mbili kunatosha. Hii ndiyo iliyokifilisi kile kikundi tulichokitaja.

*Mlio kama misumari ikitikiswa ndani ya mkebe, wakati wa kupanda mlima na mzigo.* Hapo mafuta yanawaka vibaya ndani ya silinda. Labda dereva amekaa kwenye gia kubwa mno, arudi gia ndogo. Labda taimingi ya moto imekwenda mbele, au silinda imejaa masizi. Au labda petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Mchezo huo unajulikana nchini, ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wachanganyaji. Mlio ukianza mara tu baada ya kujaza tanki mahali fulani, badilisheni mahali pa kununua kabla ya kubadilisha pistoni.

*Kugongagonga ikiwa baridi, kunakopungua ikipata moto.* Pistoni imeanza kulegea ndani ya silinda kwa uzee. Inaweza kuendelea kwa muda, lakini wekeni akiba, na kila siku tazameni oili. Moshi wa buluu ukiongezeka, wakati umefika.

*Du-du-du nzito, kutoka chini, inayozidi mzigo ukizidi.* Hii ndiyo ya kuogopa. Beringi ya koni-rodi imekwisha. Zimeni hapo hapo. Msiseme "tufike sokoni kwanza." Ikiendeshwa hivyo, koni-rodi inaweza kukatika na kutoboa injini, au injini ikakaza ghafla na kufunga gurudumu la nyuma dereva akiwa mbioni na abiria nyuma. Dereva, siku ikikaza, vuta klachi mara moja na uende pembeni polepole. Tena jueni kwamba krenki ya pikipiki hizi ndogo imeshindiliwa kwa mashine. Haitengenezwi kwa nyundo chini ya mti. Ipelekwe kwa fundi aliye na presi na anayejua kuinyoosha.

Oili kwanza

Mlio wowote ukianza, kabla ya lolote tazameni oili. Pikipiki isimame wima mahali pa sawa, si kwa stendi ya pembeni. Kwa CG125, futa kile kijiti, kiingize bila kukizungusha, kitoe, usome. Injini hiyo huchukua karibu lita moja tu. Ikipungua nusu lita, injini imebaki na nusu ya uhai wake. Mkibadilisha oili, ile ya zamani ipite kwenye kitambaa cheupe. Vumbi laini linalometameta kidogo ni la kawaida kwa injini ya zamani. Mkiona vipande vya chuma, simamisheni kazi. Na oili hiyo msiimwage karibu na mto wala kisima.

Kuongea na fundi

Hatusemi mafundi wa jua kali ni wabaya. Wengi ni watu wa bidii, na ndio wanaotuwezesha kusafiri. Lakini fundi mwema hachukii maswali. Muulizeni, "Umejuaje?" Muulizeni, "Unaweza kutuonyesha kabla ya kufungua?"

Tuwape mfano. Fundi akisikia mlio wa juu, mara nyingi husema, "Taimingi cheni imekwisha." Kwa Boxer inawezekana, maana injini yake ina cheni hiyo. Lakini Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970, haina taimingi cheni kabisa. Kamshafti yake iko chini na huzungushwa na gia, nazo fito mbili husukuma valvu kutoka huko. Viwanda vingi vya China vimeiga injini hiyo, kwa hivyo pikipiki nyingi za barabarani ziko hivyo hivyo. Mtu akitaka kuwauzia taimingi cheni ya CG125, hiyo hesabu ikataeni kwa upole.

Tukirudi nyumbani tufanye hivi

Kwanza, pikipiki iwe na daftari lake. Dereva aandike kilomita, siku ya kubadilisha oili, na mlio wowote mpya: siku, wakati na mahali. Fundi akisoma daftari hilo anaona historia yote.

Pili, kikundi kipatane kwamba injini haifunguliwi mpaka maswali manne yameulizwa mbele ya watu wawili wa kamati. Vipuri vya zamani virudishwe kwa kikundi, vionekane.

Tatu, na hili ndilo zito: dereva asiadhibiwe kwa kusimamisha pikipiki iliyo na mlio mzito. Tumeona dereva akiendelea kwa sababu anaogopa kuulizwa pesa za siku ziko wapi. Siku moja bila kazi ni hasara. Injini iliyotoboka ni hasara kubwa zaidi. Abiria aliyeanguka hatuna namna ya kumlipa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema, na ufa wa pikipiki huanza kwa kusikika kabla haujaonekana.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Pikipiki yetu ina milio gani leo, na ni nani aliyeisikia kwanza?
2. Mara ya mwisho tulipolipa fundi, tulijua tunalipia nini?
3. Dereva wetu akisema "nimesimamisha, sipendi mlio huu," tutamjibu namna gani?

Sasa twendeni nje. Pikipiki ziko tatu pale chini ya mwembe, na kila mtu, mwenye leseni na asiye nayo, ataweka sikio.